Mapigo Niliyoyazidisha kwa Mbili

Vijana wa chumba cha kupimia moyo mlizoea kunicheka kichinichini. Mashine yenu mpya ilikuwa imeshaonyesha namba kwenye kioo, tena kwa rangi ya kijani, na mimi bado nimemshika mtoto mkono nahesabu mapigo kwa kidole. Nilijua mnanicheka. Mmoja wenu alikuwa ananiigiza vizuri kabisa, hadi ninavyokunja mdomo nikihesabu. Sasa nimestaafu, muda ninao, na nimeamua kuwaandikia sababu yenyewe. Habari za vyeo siziandiki. Vyeo vyangu vilikuwa viwili na vyote vilichelewa.

Nilianza kazi miaka ya Ujamaa, muuguzi mdogo niliyetoka Masasi na sanduku la bati, nikafikia Buguruni kwa shemeji yangu aliyepanga chumba na ukumbi. Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa mjini, mwendo wa miguu kutoka soko la Kariakoo, na ukifungua dirisha ulisikia wabeba mizigo wakiomba njia kwa matusi ya heshima. Nilipangiwa wodi ya watoto. Siku ya tatu matroni akaingia akauliza nani kati yetu haogopi umeme, nami kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono. Kumbe alikuwa anatafuta msaidizi wa mashine ya moyo.

Mwenye chumba hicho alikuwa Mzee Mponda, mpimaji wa tangu enzi za mkoloni, mwembamba na mkali. Nilipomwamkia aliitikia marahaba huku akiziangalia kucha zangu. Zilipomridhisha akanipa bakuli la maji ya chumvi na vitambaa, akasema kazi yangu ya wiki ya kwanza ni kulowesha vitambaa hivyo na kunyamaza. Tulivitandika chini ya vibati vinavyofungwa mikononi na miguuni, kwa sababu mafuta maalumu ya kupaka yalikuwa hayapatikani. Na vibati vyenyewe vilikuwa vya watu wazima. Ukimfunga mtoto wa miaka miwili, kibati kinameza mkono mpaka karibu na kiwiko, naye analia kama umemtia pingu.

Kwa wasiowahi kuziona mashine zile: sindano ya moto ilikuwa inachora kwenye karatasi inayotembea. Moyo ukipiga, sindano inachora kilima kirefu, na kabla yake kilima kidogo. Kidogo ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo, kirefu ni wa vyumba vya chini. Tunapima nafasi kati ya kilima kirefu na kingine, tunapata mapigo kwa dakika. Lakini hesabu hiyo inategemea mwendo wa karatasi. Karatasi ikitembea kwa kasi mara mbili, vilima vinaachana mara mbili, na ukiisoma bila kujua utasema moyo wa mtu unapiga nusu ya unavyopiga.

Sisi tulikuwa na mashine mbili. Ya kwanza, ya Mwingereza, ilikuwa nzito na mwaminifu, ilitembea kwa mwendo mmoja tu, wa polepole, na ilikufa mwaka wangu wa pili. Ya pili ilikuwa msaada wa nchi rafiki, maandishi yake hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma, nayo ilikuwa na miendo miwili. Swichi yake ya mwendo ililegea mapema. Uliiweka kwenye mwendo wa polepole, ukigeuka kumbembeleza mtoto, yenyewe imesharudi kwenye kasi. Mzee Mponda aliifunga kwa plasta ya vidonda. Kila akimaliza kupima aliibonyeza, akaangalia, akaandika mwendo pembeni ya karatasi kwa penseli, halafu akamshika mgonjwa mkono na kuangalia saa ya ukutani. Nilimwona kama mzee asiyejiamini.

Kisha akaondoka. Ndugu zake walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa huko kwao Rufiji, naye akasema anakwenda kulima kabla mgongo haujakataa. Nikabaki peke yangu na mashine na plasta yake.

Mwezi haujaisha nikajiaibisha. Aliletwa mtoto wa shule aliyeumwa kifua, nikampima, mapigo hamsini. Nikapiga mbio kwa Daktari Lyimo, daktari wetu wa watoto, kijana mwenye akili nyingi na subira kidogo. Mtoto akalazwa, mama yake akalia, baba yake akaitwa kutoka bandarini na vumbi la saruji mwilini. Daktari Lyimo alipomwekea kifaa cha masikio kifuani akasikia mapigo mia moja. Swichi ilikuwa imerudi kwenye kasi. Hakunigombeza, aliwasimulia wenzake, jambo ambalo ni baya zaidi. Kwa majuma kadhaa kila nikipita ukumbini kulikuwa na mtu wa kuniuliza kama na leo nimefufua wazima.

Basi nikajitengenezea dawa ya aibu. Kila karatasi ya mtoto iliyoonyesha mapigo machache, niliamua moja kwa moja kwamba swichi imehama, nikazidisha kwa mbili, nikaandika namba hiyo. Karatasi za kurudia kipimo zilikuwa adimu kuliko sukari, na foleni ya wagonjwa ilifika mlangoni. Hesabu ilikuwa inatoka vizuri: arobaini na nane inakuwa tisini na sita, na tisini na sita kwa mtoto mdogo ni namba nzuri. Hakuna aliyenicheka tena.

Rukia aliletwa mara ya kwanza asubuhi moja ya jua kali. Alikuwa na miaka mitatu, mdogo kuliko umri wake, amevaa gauni lililoshonwa kwa kanga. Mama yake alikuwa anauza choroko na kunde ndani ya soko la Kariakoo, na walipanga Mtaa wa Narung'ombe. Mtoto alikuwa anaanguka ghafla, macho yanageuka, mwili unatetemeka kidogo, kisha anaamka anaomba maji. Nyumbani walisema degedege, na bibi yake alikuwa ameshamfukiza kila kinachofukizika. Kliniki nayo ilisema degedege, ikampa dawa za usingizi. Kipimo cha moyo kiliandikwa tu ili fomu ijae.

Mama Rukia aliniambia jambo moja nikiwa nafunga vibati. Alisema mtoto kabla hajaanguka anakuwa wa baridi, na mkono wake unanyamaza. Nikaitikia eeh, eeh, kama tunavyoitikia. Karatasi ikatoka na vilima virefu vilivyoachana sana, na katikati yake vilima vidogo vingi visivyofuatana na virefu. Hivyo vidogo nikavihesabu kuwa ni mtetemeko wa mtoto anayelia. Mapigo arobaini na nane. Swichi hiyo, nikajisemea. Sikuiangalia. Nikaandika tisini na sita, nikamwita anayefuata.

Majuma matatu baadaye Mama Rukia aliingia hospitali akikimbia, mtoto begani, ushungi umeanguka shingoni. Rukia alikuwa ameanguka mara tatu tangu alfajiri, mara ya mwisho juu ya magunia ya kunde. Daktari Lyimo akampokea, akasema degedege limezidi, ila kwa kuwa mtoto alikuwa ameshaamka akataka apimwe moyo kwanza kabla ya kumchoma sindano ya kumtuliza. Akaja naye chumbani kwangu mwenyewe, bomba la sindano liko kwenye kisahani.

Nikamfunga vibati. Safari hii hakulia, na hilo halikunipendeza. Karatasi ikaanza kutoka. Vilima virefu viliachana hata zaidi ya mara ya kwanza. Daktari Lyimo akachungulia akacheka kwa pua.

"Swichi yako tena, Sista Agnes. Zidisha kwa mbili tumalize."

Nikaiangalia swichi. Plasta ilikuwa mahali pake. Swichi ilikuwa kwenye mwendo wa polepole.

Nilisimama na penseli mkononi, sijui niandike nini, na Rukia akageuza macho. Midomo ikawa ya rangi ya majivu. Vidole vikaanza kutetemeka. Mama yake akasema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo hiyo imekuja. Daktari Lyimo akachukua sindano, akaanza kusafisha paja la mtoto kwa pamba.

Nikamshika Rukia mkono. Hapakuwa na kitu. Nikasogeza kidole, nikadhani nimekosea mahali. Nikaangalia saa ya ukutani, mshale wa sekunde ukatembea, ukatembea, na chini ya kidole changu kimya. Kisha pigo moja. Kisha kimya tena.

"Daktari, usimchome. Hana mapigo."

"Angalia mwendo wa mashine kwanza."

"Sijashika mashine. Nimeshika mkono."

Namshukuru Mungu kwamba Daktari Lyimo alikuwa na kiburi lakini hakuwa mjinga. Aliitupa sindano kwenye kisahani, akaweka kifaa kifuani, na uso wake ukabadilika. Akaanza kuusukuma moyo kwa kiganja cha mkono mmoja, mimi nikaminya mpira wa hewa kwenye uso wa mtoto, mama yake akaishika miguu kana kwamba atapaa. Daktari alikuwa anahesabu kwa sauti. Sindano ya mashine ilikuwa bado inachora, kwa sababu hakuna aliyeizima, na karatasi ile adimu ilikuwa inarundikana sakafuni bila mtu kuijali. Sijui ilichukua muda gani. Ninachojua ni kwamba Rukia alipumua, akakohoa, akasema anataka maji.

Baadaye, akiwa wodini na dawa ya kuhimiza moyo inashuka kwenye mrija tone kwa tone, Daktari Lyimo aliinyoosha karatasi ile juu ya meza akanionyesha. Vilima vidogo vilikuwa vinakwenda kwa mwendo wao, vya haraka na vya kawaida. Vilima virefu vilikuwa vinakwenda kwa mwendo wao mwingine, wa polepole. Havikujuana. Njia inayopeleka umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini ilikuwa imekatika, pengine tangu tumboni mwa mama yake, na vyumba vya chini vilikuwa vinajipigia vyenyewe vinavyoweza, na mara nyingine vinasahau. Vikisahau, damu haifiki kichwani, mtoto anaanguka na kutetemeka. Halikuwa degedege hata siku moja. Na ile sindano ya kumtuliza ingemtuliza moja kwa moja.

Kisha akaomba karatasi ya mara ya kwanza. Nikampa. Akaisoma, akasoma na namba yangu pembeni, akanitazama. Nilidhani atapiga kelele. Akasema nisahihishe daftari, na mama asiambiwe kitu, maana akiambiwa atapoteza imani na hospitali wakati ndiyo kwanza anaihitaji. Naye, alisema, alikuwa ameipitisha namba ile bila kuuliza, kwa hiyo tusameheane.

Hospitali haikuwa na kifaa cha betri cha kuuchochea moyo. Barua ikaandikwa wizarani ili mtoto apelekwe nje kutibiwa, na tukaanza kungoja. Ilikuwa kazi ya roho mkononi. Dawa ile ilikuwa inakuja chupa chache chache, na kila asubuhi wa kwanza kufika wodini aliangalia kabati kabla ya kuvua viatu vya njiani. Mara mbili moyo ulisahau tena, mara mbili tukaurudisha. Nilikuwa namshika mkono asubuhi, mchana na kabla ya kurudi nyumbani, mpaka Rukia mwenyewe akawa ananinyooshea kabla sijafika kitandani.

Ruhusa ilipokuja, siku moja kabla ya safari, nilimkuta Mama Rukia kwenye baraza la wodi akichambua choroko kwenye ungo. Biashara haikusimama, wenzake wa sokoni walimletea mzigo achambue hukohuko. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimeshindwa kulala juma zima, na nikaona akipanda ndege bila kujua, mimi sitalala tena. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile ya kwanza moyo wa mtoto ulikuwa polepole kweli, karatasi ilionyesha, na mimi nikaandika namba ya uongo nikidhani ni ubovu wa mashine.

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa uani.

"Uliandika bila kumshika?"

"Bila kumshika."

"Nilikwambia mkono unanyamaza."

"Uliniambia."

Nikaanza kulia, na kusema kweli nilikuwa nangoja aniambie basi, yamekwisha, Mungu amesaidia. Ndivyo watu wa kwetu wanavyosema mtu akikiri kosa. Yeye aliuweka ungo chini akanitazama vizuri.

"Na wengine?"

Nikamuuliza wengine gani.

"Waliopita kwenye mashine hiyohiyo. Hao uliwashika?"

Nilikuwa nimemfikiria Rukia tu, na mimi mwenyewe.

"Basi usikae hapa unanililia mimi," alisema. "Wangu ameonekana."

Jioni ile nilikaa na daftari. Kwa sababu ya uhaba tulikuwa tunakata kipande kifupi cha karatasi, vilima vitatu au vinne, tunakibandika mbele ya jina. Nikatafuta kila mahali nilipozidisha. Walikuwa watoto kumi na mmoja. Mbele ya kila jina kulikuwa na mtaa na jina la balozi wa nyumba kumi, na hilo ndilo lililoniokoa, kwa sababu mjini hapa usipoanzia kwa balozi utazunguka mpaka viatu viishe. Daktari Lyimo nilipomwonyesha alinipa saa yake ya mkononi, maana mimi sikuwa nayo.

Kila nilipotoka kazini mchana nilikwenda. Gerezani, Ilala, Mtaa wa Sikukuu, Magomeni. Wengine walidhani nimeleta chanjo, watoto wakakimbilia chini ya vitanda, nikawa nahesabu mapigo ya mtoto aliyevutwa kwa mguu. Mia na nne. Tisini na nane. Mia na kumi, ila huyo alikuwa amekimbia. Kila nilipopata mapigo mazuri nilitoka nje nikiwa mwepesi, nikaenda kubisha hodi nyumba nyingine. Familia moja ilikuwa imehamia Morogoro. Niliwaandikia barua, na muuguzi wa huko, Mungu amjalie, akanijibu kwamba mtoto ni mzima na ni mtundu.

Rukia alirudi wakati nimebakiza mmoja. Walimwekea kidude chini ya ngozi ya tumbo, kama sabuni ndogo, naye alikuwa anawaonyesha wagonjwa wote bila kuombwa. Nikamshika mkono: mapigo themanini, hayasiti. Mama yake alinisalimia, akauliza nimefika wapi. Nikasema amebaki mmoja. Akasema haya, maliza.

Huyo wa mwisho alikuwa jirani yangu kabisa, hukohuko Buguruni, nyumba ya nne kutoka kwa shemeji. Ndiyo maana nilimwacha mwisho. Niliona nitampata siku yoyote. Aliitwa Salumu. Nilibisha hodi siku ya Jumapili, mama yake akanikaribisha mkekani, akaniletea chai akaomba radhi kwamba sukari haijapatikana. Nilipomuulizia Salumu alisema Salumu ametangulia, miezi miwili sasa. Alianguka uani kwa bibi yake kijijini akiwa anacheza, wakamzika hukohuko, ndiyo maana msiba haukunifikia. Walijua ni degedege lake lilelile.

Kipande cha karatasi yake nilikuwa nacho ndani ya mkoba. Joto la mji wetu linafifisha karatasi zile, na vilima vidogo vilikuwa vimeshafutika. Vilibaki virefu vitatu tu, vimeachana. Kama swichi ilikuwa imehama siku ile, moyo wa Salumu ulikuwa mzima na kilichomuua ni kingine. Kama haikuhama, nilimwona, nikamwandikia namba nzuri, nikamrudisha nyumbani. Mwendo sikuuandika. Hakuna daktari, wakati ule wala sasa, anayeweza kunisomea.

Mama Salumu alinishukuru. Alisema tangu msiba hakuna mtu wa hospitali aliyekuja kumuulizia, na kwamba ameona sisi tuna utu. Kwa Mama Rukia mdomo ulifunguka, kwa sababu mtoto alikuwa hai kitandani. Pale mkekani haukufunguka. Nikamaliza chai, nikampa pole, nikaaga.

Nilikaa Buguruni miaka mingi baada ya hapo. Kila asubuhi nikienda kazini nilimkuta Mama Salumu anafagia mbele ya mlango wake, na kila asubuhi aliinua kichwa akanitakia kazi njema. Nilimwitikia, nikapita. Sikuwahi kumwambia.